Babu Mmoja, Majina Manne ya Mke: Namna ya Kusoma Kumbukumbu Zinazogongana

Ukifungua daftari la ukoo huku kando ya ziwa, iwe Magu, Sengerema, Misungwi au Ukerewe, mara nyingi babu hana tatizo. Anajulikana jina, utemi aliotoka, pengine hata rangi ya fahali wake. Kazi inaanzia kwenye mstari wa mke. Kitabu cha parokia kina jina moja, bamba la kaburi lina jingine, shangazi anashikilia la tatu, na katika jalada la mirathi kuna la nne ambalo hakuna anayelikumbuka. Hapo ndipo watu hugombana, na hapo ndipo wengi hufanya kosa lile lile: wanachukua karatasi yenye mhuri na kufuta yote mengine.

Mhuri unakwambia karatasi imetoka ofisi gani. Kama yaliyomo ni kweli, hilo ni swali jingine, na kama yaliyomo ndiyo yote, hilo ni la tatu. Kabla ya kuuliza nani amekosea, uliza kila kumbukumbu iliandikwa kwa kazi gani. Paroko alikuwa anaandika mwanamke aliyefunga ndoa mbele ya altare. Karani wa kodi alikuwa anahesabu nyumba. Wazee walikuwa wanakumbuka ng'ombe walikwenda kwa nani. Fundi aliyechonga bamba aliandika alichoambiwa na wajukuu. Wote wanne wametumia neno "mke", na kila mmoja alikuwa anajibu swali lake.

Chukua hilo la kodi. Mjerumani alianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na Mwingereza aliendelea nayo kwa sura nyingine, ambapo mwenye wake wengi alitozwa kwa kila nyumba ya ziada. Mtu mwenye wake wanne alikuwa na kila sababu ya kumtajia karani wawili. Ukikuta daftari la kodi lina mke mmoja, hujathibitisha kwamba alikuwa na mke mmoja. Umethibitisha kwamba alilipia mmoja.

Hakikisha kwanza ni babu mmoja

Hatua hii inarukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayomaliza robo ya migogoro kabla haijaanza. Majina kama Masanja, Mabula, Shija, Kulwa na Doto yamejaa Usukumani kwa sababu yanatokana na hali ya kuzaliwa: Mabula kazaliwa wakati wa mvua, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ndiye anayefuata baada ya mapacha. Ukiongeza majina machache ya ubatizo yaliyopendwa na mapadre (Paulo, Petro, Yosefu, Yohana), utapata akina Paulo Masanja watatu katika parokia moja, rika moja. Mmoja ana mke Maria, mwingine ana mke Theresia, na mjukuu anadhani babu yake alikuwa na wake wawili.

Kwa hiyo kila karatasi ipimwe kwa mambo manne zaidi ya jina: jina la baba yake, kijiji au utemi, umri wa kukadiria, na majina ya watu waliosimama naye, yaani wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa. Mambo matatu yakikubaliana, unaweza kusema ni mtu yule yule. Yakikubaliana mawili tu, andika "huenda" na uendelee kutafuta. Wasimamizi wanasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wakristo wa mwanzo walisimamiana wenyewe kwa wenyewe: ukiona jina la katekista yule yule, au la kaka wa mwanamke, likirudi katika karatasi tatu, umeshika kamba ya familia.

Maneno yaliyobadilika maana

Kabla ya kwenda kwenye vitabu, jihadhari na Kiswahili chenyewe. Katika barua na karatasi za zamani, "bibi wa Paulo" ni mke wa Paulo. Msomaji wa leo anaona nyanya yake Paulo, anampandisha kizazi kimoja au viwili, na mti wote unapinda. Kinyume chake nacho hutokea: "Bibi Helena" iliyoandikwa kwa heshima ya uzee inasomwa na mtu mwingine kuwa mke.

"Binti" ni hatari zaidi. Karani aliandika "Kabula binti Masanja", akimaanisha baba yake ni Masanja. Miaka thelathini baadaye mtu ananakili orodha na kuacha neno la kati, inabaki "Kabula Masanja". Kizazi kinachofuata, kilichozoea kusikia mama fulani akiitwa kwa jina la mumewe, kinamhesabu Kabula kuwa mke wa Masanja. Mtoto amegeuzwa mke. Kosa hili limeenea kiasi kwamba kila "mke" ambaye jina lake la pili ni sawa na la babu lazima lichunguzwe kwa wasiwasi. Kwa desturi yetu, mwanamke hubeba jina la baba yake hata baada ya kuolewa.

Halafu kuna "mama mdogo" na "mama mkubwa". Mzee akisema "Milembe alikuwa mama yangu mdogo", inaweza kuwa mdogo wake mama, inaweza kuwa mke mwenza wa mama. Usikisie. Muulize: "Alizaliwa tumbo moja na mama yako, au aliolewa na baba yako?" Zipo pia familia ambako majibu yote mawili ni ndiyo, dada wawili mume mmoja.

Tahajia ni jambo la kupita haraka, lakini usilisahau. Kisukuma hakina r, hivyo Maria husikika Malia na Theresia husikika Telesia. Sauti ya ng'w iliwashinda waandishi wengi: "Ng'wana", yaani mtoto wa fulani, utaikuta "Mwana", "Ngwana", au imeunganishwa na jina. Mji wa Mwanza wenyewe ni Ng'wanza kwa wenyeji, na Mjerumani aliandika Muansa. Padre Mfaransa aliweka "ou" mahali pa u na w. Soma kwa sauti kabla ya kusema majina mawili ni tofauti.

Kitabu cha parokia, kwa karibu

Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Bukumbi mwaka 1883, na kutoka pale misheni zikaenea pande zote za ziwa. Vitabu vyao ni hazina kubwa kuliko zote tulizonazo, ilimradi ujue vinasomwaje. Kwanza, tafuta parokia mama. Parokia nyingi za leo zilikuwa vigango miaka ya 1920, na ubatizo wa wakati huo umeandikwa kwenye kitabu cha parokia iliyowazaa. Kwa Waprotestanti wa pande za Nassa, kumbuka kwamba misheni ile ilianzishwa na CMS (Church Missionary Society, wamisionari Waanglikana) mwaka 1888 na kukabidhiwa AIM (Africa Inland Mission) mwaka 1909. Karatasi za CMS za kabla ya hapo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wako au serikali ya mtaa. Nenda na penseli. Kalamu ya wino haifai karibu na kitabu cha miaka mia. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na unapoomba nakala, sema wazi kwamba unataka pamoja na maandishi ya pembeni. Cheti cha ubatizo cha kawaida kikijazwa kwa haraka huacha pembeni, na pembeni ndiko jibu liliko.

Sababu ni hii. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa ikishafungwa iandikwe pia kwenye kitabu cha ubatizo cha kila mwanandoa, hata kama alibatizwa parokia nyingine. Kwa hiyo ubatizo wa babu, katika ukingo wa ukurasa, unaweza kuwa na orodha ya ndoa zake zote za kanisani. Ukikuta mistari miwili yenye wino tofauti na mkono tofauti, furahi: umepata kumbukumbu mbili zilizoandikwa kila moja kwa wakati wake. Na kama kitabu cha ndoa cha parokia ya babu hakina ndoa ya pili, usiseme haikufungwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliweka kawaida kwamba ndoa ifungwe kwenye parokia ya bibi harusi. Vuka maji, ukatafute kwao mwanamke.

Kilatini kidogo kinatosha. "Filius" na "filia" ni mwana na binti. "Vidua" au "relicta" ni mjane. "Obiit" ni alifariki. "Natus, nata" ni kuzaliwa, tofauti na tarehe ya kubatizwa. Majina hubadilika mwisho: "Pauli" ni wa Paulo, "Mariae" ni wa Maria, ni watu wale wale. Mtego mkubwa ni miezi. "7bris" ni Septemba, kwa kuwa septem ni saba. "8bris" ni Oktoba, "9bris" Novemba, "Xbris" Desemba. Tumeona tarehe za Septemba zikinakiliwa kuwa Julai mara nyingi mno.

Jambo la mwisho kuhusu vitabu hivi, na ndilo linalozaa migongano mingi kuliko yote. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliwawekea Mapadre Weupe kanuni ya miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo, isipokuwa mtu akiwa katika hatari ya kufa. Mwanamume mwenye wake watatu aliyetaka kubatizwa ilibidi abaki na mmoja. Hao wawili wengine hawakufa wala hawakuwa hawara. Walikuwa wameolewa, ng'ombe wametolewa, watoto wamezaliwa. Kitabu cha ndoa hakikuwa na safu ya kuwaandika, basi. Mjukuu anayesoma kitabu hicho leo na kutangaza kwamba nyanya fulani "hakuwa mke halali" anafanya dhuluma kwa kutojua kusoma.

Mfano wa kutunga, hatua kwa hatua

Tuchukue babu wa mfano, tumwite Paulo Masanja, na ushahidi wa aina unaopatikana kweli huku. Kitabu cha ndoa: Februari 1926, Paulo Masanja na Maria Kabula. Kitabu cha ubatizo: mtoto Yosefu, amezaliwa 1931, "filius Pauli Masanja et Theresiae Milembe". Kaburi lenye bamba la saruji: "Bibi Helena Masanja, 1917–1972, mke wa Paulo". Na wazee wa ukoo, wote kwa kauli moja: mke wa Masanja ni Nyanzala, ng'ombe kumi na wawili, hao wengine hatuwajui.

Mti wa ukoo wa kawaida ungechagua mmoja. Badala yake chukua karatasi pana, uichore mstari wa miaka kuanzia 1910 hadi 1975, na chini yake weka kila tukio mahali pake: ndoa, kila mtoto na tarehe ya kuzaliwa, vifo, kuhama. Usiweke jina la mke juu ya watoto bado. Weka watoto peke yao.

Mambo yataanza kujitokeza yenyewe. Tuseme Anna amezaliwa 1927. Helena wa kaburini, kama kweli alizaliwa 1917, alikuwa na miaka kumi. Hawezi kuwa mama wa Anna, na mwaka 1926 ndoa ilipofungwa alikuwa na tisa. Ama mwaka wa bamba ni wa kubahatisha, ama Helena si mke. Hapo unarudi kwenye kitabu cha ubatizo kumtafuta Helena mwenyewe, na unamkuta mwaka 1930: "filia Pauli Masanja et Nyanzala paganae". Binti wa Paulo na Nyanzala, ambaye hakubatizwa. Mstari mmoja umemwondoa Helena kwenye orodha ya wake, na hapo hapo umempa Nyanzala ushahidi wa maandishi ambao wazee hawakujua kuwa upo. Helena alizikwa kwa baba yake, pengine alirudi baada ya kufiwa na mume, na wajukuu waliokuja kujenga kaburi miaka mingi baadaye walisoma "Bibi Helena Masanja" wakafikiri ni mke.

Sasa ndoa ya 1926. Rudi kwenye ingizo lenyewe, usitosheke na nakala iliyochapwa. Mwishoni kuna maneno madogo: "facta interpellatione". Maana yake mke wa kabla ya ubatizo aliulizwa kama anataka kubatizwa au kuishi na mumewe kwa amani bila kuipinga dini yake, naye akakataa. Kanisa, kwa kile kinachoitwa upendeleo wa Mtakatifu Paulo, likamruhusu mume kuoa mkristo. Kwa hiyo padre wa 1926 alijua kabisa kwamba Masanja alikuwa na mke kabla. Kitabu na wazee hawajawahi kupingana.

Wamebaki Maria na Theresia. Ukingo wa ubatizo wa Paulo una mistari miwili: ya kwanza Maria Kabula 1926, ya pili, kwa mkono mwingine, Theresia Milembe "9 7bris 1929", na jina la parokia ya Ukerewe. Kitabu cha wafu kina Maria Kabula, 1928. Kule Ukerewe ndoa imeandikwa tarehe 9 Septemba 1929. Nakala iliyokuwa ikizunguka kwenye familia ilisema 9 Julai, na watu wawili wazima walikuwa hawasemezani kwa sababu ya hiyo Julai.

Mpangilio ni huu: Nyanzala kwa mila, Maria kanisani hadi kifo, Theresia kanisani baada ya kifo, Helena binti. Hakuna kumbukumbu iliyotupwa isipokuwa neno moja kwenye bamba. Lakini tazama lililobaki wazi: mwaka Nyanzala alipoolewa hatuna. Tunaweza tu kusema ni kabla ya 1917, kwa kuwa Helena amezaliwa mwaka huo, kama bamba halijakosea. Andika "kabla ya 1917". Usiandike 1915 kwa sababu inapendeza.

Kuna kipimo kingine kwenye mstari wa miaka ambacho hakina gharama. Watoto wawili wa baba mmoja waliozaliwa kwa tofauti ya miezi sita wana mama wawili. Hakikisha tu unalinganisha tarehe za kuzaliwa. Za ubatizo zinaweza kukaribiana kwa sababu familia nzima ilibatizwa siku moja.

Kuwauliza wazee

Usianze na kikao cha ukoo. Kikaoni mkubwa akishasema, wengine wanaitikia, na utatoka na ushuhuda mmoja wenye sauti kumi. Waone mmoja mmoja, asubuhi, kabla ya jua kali, na uwaulize nani aliwaambia. Wazee wawili waliosimuliwa na shangazi yule yule ni chanzo kimoja, hata kama wanaishi vijiji tofauti.

Swali la "bibi aliitwa nani?" linaleta jina moja la ubatizo na mazungumzo yanaishia hapo. Uliza: "Shikamoo babu. Yule mama kabla hajabatizwa aliitwa nani? Kwao wapi? Kaka zake ni akina nani? Nani alikuwa mshenga? Ng'ombe walitoka zizi la nani?" Swali la ng'ombe ndilo lenye nguvu, kwa sababu mahari ya dada ilitumika mara nyingi kumwolea kaka. Mzee anaweza kusahau jina la mke wa babu yake, lakini akakumbuka kwamba ng'ombe wa shangazi fulani ndio waliomleta. Shangazi huyo ukiujua mwaka wake wa kuolewa, umepata mwaka wa chini wa ndoa unayoitafuta. Kwa miaka tumia matukio: vita ya 1914 hadi 1918, reli kufika Mwanza mwaka 1928, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, mvua kubwa za 1961 na ziwa lilipopanda, kuhamia vijijini 1974.

Sikiliza pia mahali ambapo msimulizi ana maslahi. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata upande wa baba, ziliweka warithi kwa madaraja, na daraja la kwanza ni mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba ya kwanza. Kuitwa "nyumba ya kwanza" kulikuwa na uzito wa ardhi na mifugo. Kila nyumba ikidai bibi yao ndiye aliyetangulia, usishangae, na usiamue kwa wingi wa sauti. Ushuhuda mzuri kuliko wote ni wa mtu wa nyumba ya pili anayekiri kwamba nyumba ya kwanza ilikuwa ile nyingine. Hana anachopata kwa kusema hivyo.

Kuna hali ambazo mume wa kwenye kumbukumbu na aliyezaa mtoto ni watu wawili, na zote mbili ni za heshima katika mila zao. Kwa Wajaluo wa Rorya, mjane aliyerithiwa na ndugu wa marehemu alizaa watoto waliohesabiwa wa marehemu. Mtoto aliyezaliwa miaka minne baada ya "baba" kufa si kosa la karani. Kwa Wakurya wa Tarime kuna nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe kumwoa msichana, na watoto wanakuwa wa nyumba yake. Ukikuta mahali pa mume pana jina la mwanamke, usilisahihishe. Kwa Wasukuma nako, ndoa isiyotolewa ng'ombe iliwaacha watoto upande wa mama mpaka baba awakomboe. Mtoto anayebeba jina la babu mzaa mama hajatupwa na baba. Huenda ng'ombe hawakufika.

Karatasi za serikali

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, ikakusanya ndoa za dini, za kimila na za serikali chini ya paa moja. Kabla ya hapo usitarajie cheti cha serikali cha ndoa ya kimila. Baada ya hapo pia wengi hawakuandikisha, hivyo kukosekana kwa cheti si hoja. Kwa familia za Kiislamu tafuta hati ya sheikh aliyefungisha, na kama kuna talaka au kifo, hesabu eda: miezi minne na siku kumi kwa mjane asiye na mimba. Ndoa inayoangukia ndani ya eda ina tarehe iliyokosewa, au mume wa kwanza si yule unayemdhania.

Vyeti vya kuzaliwa vilivyokatwa mtu akiwa na miaka hamsini, kwa ajili ya pensheni au pasi ya kusafiria, vitumie kwa uangalifu. Jina la mama pale limetoka kwenye kiapo cha mwenye cheti, ambaye hakuwa shahidi wa ndoa ya wazazi wake. Tarehe 1 Januari au 1 Julai karibu kila mara ni makadirio. Majalada ya mirathi ya mahakama ya mwanzo ni bora zaidi, hasa muhtasari wa kikao cha ukoo ulioambatishwa. Pale watoto hupangwa kwa mama zao, mbele ya watu ambao wangepinga uongo wa wazi. Tafuta kwa jina la marehemu na mwaka wa kifo, na soma hadi pingamizi, kama lipo. Pingamizi la mtu aliyeachwa nje limeokoa majina ya wake wengi ambao vinginevyo wangepotea.

Vinasaba vinasaidia mahali padogo. Wajukuu wa babu mmoja na bibi mmoja, kwa baba tofauti, hushirikiana wastani wa asilimia 12.5, wakiwa wa babu mmoja na bibi wawili tofauti, asilimia 6.25. Kwa hiyo nyumba mbili zinaweza kutofautishwa, mradi uwe na zaidi ya jozi moja ya kulinganisha. Kipimo cha upande wa mama kinafuata mama, binti, mjukuu wa kike. Kisipolingana, kinaondoa dai kabisa, lakini kikilingana hakithibitishi, kwa sababu watu wengi wa eneo moja wana aina moja. Nchini kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ifuate. Na usimpime mzee bila kumweleza kwamba majibu yanaweza kugusa jina la mama yake.

Kuandika ulichopata

Kila mke apewe ukurasa wake, hata yule ambaye una jina tu. Juu andika majina yake yote: la kuzaliwa, la ubatizo, la baba yake, kwao. Chini andika kila chanzo, kitabu, ukurasa na namba ya ingizo, kisha andika kwa sentensi kamili kwa nini umeamua ulivyoamua. "Naamini Theresia ni mama wa Yosefu kwa sababu ubatizo wa 1931 unamtaja, na Maria alikuwa amefariki 1928." Miaka ishirini ijayo mtu atapata karatasi mpya na atahitaji kujua ulifikaje pale. Ushahidi ulioukataa usiufute. Uache na sababu ya kuukataa. Walio hai wasiwekwe mtandaoni.

Watoto waandikwe chini ya mama, kisha baba. Ukiwaweka chini ya baba peke yake, nyumba zinachanganyika tena, na kazi yote inarudi mwanzo.

Mwisho ni kaburi. Makaburi mengi yako kwenye mahame ya kabla ya 1974, na mabamba yake yaliwekwa miaka mingi baada ya mazishi, hivyo tarehe ya kifo inaweza kuwa sahihi na ya kuzaliwa ya kukisia. Ukikuta kosa kama la Helena, usilibomoe kimya kimya. Peleka picha ya ukurasa wa ubatizo kwa wazee wa nyumba zote, nyumba ya Nyanzala kwanza, kwa sababu ni mtoto wao. Wakikubali, fundi hahitaji kuvunja kitu. Bamba jipya la saruji juu ya lile la zamani, jina na miaka ibaki kama ilivyo, na mstari wa tatu usomeke: "binti wa Paulo Masanja na Nyanzala".